Gharama ya Kuwa Jani

Sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli ni mmea mmoja. Wataalamu wa mimea wameziweka zote katika spishi moja, Brassica oleracea, na ukiziacha zichanue pamoja shambani, nyuki watachanganya chavua bila kuuliza nani ni nani, na mbegu zitakazopatikana zitaota. Jamaa zao wa porini bado wanamea kwenye majabali ya pwani za Ulaya, huko upepo unakopuliza chumvi ya bahari. Theophrastus, Mgiriki aliyeandika juu ya mimea katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alizijua tayari zile zenye majani laini na zile zenye majani ya kujikunja. Tangu zama hizo wakulima wamekuwa wakichagua mbegu, kila kizazi kwa jicho lake. Waliopenda majani yaliyotandaa walifikia sukuma, waliopenda majani yaliyofumbatana walifikia kabichi, na waliopenda shada la maua machanga walifikia koliflawa na brokoli.

Ukiuliza tofauti hizo zinatoka wapi, jibu la haraka la zama zetu ni kwamba ziko kwenye jeni. Jibu hilo si uongo, ila limezoeleka mno, na jambo lililozoeleka halichunguzwi. Tunaposema kitu kiko kwenye jeni huwa tunamaanisha kwamba kimeshaandikwa, kazi iliyobaki ni kungoja kitokee. Tunaanza kusema hivyo kuhusu mboga, kisha tunahamia kwa watu: huyu kazaliwa na hasira, ukoo ule hauna kichwa cha hesabu, uvivu wao uko damuni. Kabla sijaikubali lugha hiyo, nataka kulifuata jani la mboga hadi pale linapoanzia, nione kama kweli kuna mahali lilipoandikwa.

Chukua shina la sukuma lililokwisha kuchumwa mara kadhaa. Sehemu ya chini imejaa makovu, kila kovu ni mahali palipokuwa na jani, na makovu yanapanda kwa mzunguko kulizunguka shina. Juu ya makovu kuna majani makubwa, kisha ya kadiri, kisha madogo. Mtoto anayetumwa bustanini huambiwa, “Chuma ya chini, kilele usikiguse,” lakini safari hii tukiguse. Bandua jani moja baada ya jingine. Unapata jani la ukubwa wa kiganja, halafu la kidole gumba, halafu la ukucha, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo rangi ya kijani inavyofifia na majani yanavyoinamiana. Ukiwa na sindano na kioo cha kukuzia unaweza kuendelea hadi kwenye vijani vidogo kuliko punje ya chumvi. Baada ya hapo kinabaki kitu kimoja tu, kichuguu laini kinachong'aa kwa umajimaji, upana wake sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Wataalamu hukiita meristemu. Majani yote uliyoyabandua yalitoka ubavuni mwake, na yote ambayo mmea ungetoa katika miezi iliyobaki ya uhai wake yangetoka hapo hapo.

Katika kichuguu hicho hamna jani dogo linalosubiri kukua. Katika karne ya 17 na ya 18 walikuwapo wanazuoni wa Ulaya walioamini kwamba ndani ya mbegu mna mmea kamili, mdogo usioonekana, ambao unachofanya ni kutanuka tu. Darubini bora ziliivunja imani hiyo. Ila nadhani hatukuiacha kabisa. Tuliihamisha kutoka kwenye mbegu tukaiweka kwenye DNA. Siku hizi hatusemi mmea mdogo umejificha ndani ya mbegu, tunasema mchoro wake umejificha ndani ya jeni. Tungekuwa sahihi kama jeni zingefanya kazi namna hiyo.

Tangu miaka ya 1940 wataalamu wa mahindi nchini Marekani walikuwa wameeleza mmea wa ajabu, ambao majani yake, badala ya kuwa sawa, yalikuwa na vinundu kando ya mishipa. Jeni iliyohusika iliitwa Knotted, na mwaka 1991 maabara ya Sarah Hake huko California ilifanikiwa kuisoma. Kisha ikaonekana kwamba kwenye mhindi wa kawaida jeni hiyo huwaka kileleni. Pale ubavuni panapokaribia kutokea jani, huzimika, tena huzimika kabla jicho halijaona uvimbe wowote. Mmea wa vinundu ulikuwa na jeni ile ile, ila kwake iliwaka ndani ya jani, mahali ilipotakiwa kunyamaza. Baadaye wataalamu walikuta jamaa za jeni hiyo katika mimea mingi, mboga zikiwemo, na kundi zima wakaliita KNOX.

Kazi ya kundi hili kileleni ni kuzuia. Huzizuia seli zisikomae na kuchukua kazi maalumu, zibaki changa, zikigawanyika. Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaotumiwa na maabara nyingi duniani, ukikosa kabisa jeni moja ya kundi hilo, mche huchipua na majani mawili ya mbegu, basi. Kilele hakijengeki, na mche hauna mahali pa kutolea jani la tatu. Kwa upande wa pili zipo jeni ambazo kazi yake ni kuhakikisha KNOX haiwaki tena ndani ya jani lililokwisha kuanza. Mojawapo inaitwa AS1. Kwa hiyo jani linahitaji mlinzi wa kulikumbusha kwamba kilele si kwake tena.

Na ni nani anayeamua jani lianzie wapi? Mmea una homoni iitwayo auksini, ambayo seli za ngozi ya kilele husukumiana kutoka moja hadi nyingine. Inaporundikana mahali, hapo jani huanza, na likianza hufyonza auksini ya jirani, hivyo jani linalofuata hulazimika kutafuta nafasi mbali kidogo. Ndiyo sababu majani ya mimea mingi hupishana kwa pembe ya karibu digrii 137, na makovu ya sukuma hupanda kwa mzunguko. Mwaka 2000 watafiti wa Bern, Uswisi, walichukua vilele vya nyanya vilivyozuiwa kutoa majani, wakavigusisha auksini ubavuni. Jani likaota pale pale walipogusa. Seli za mahali hapo hazikuwa na jeni tofauti na za upande wa pili. Tofauti ilikuwa kwamba hizi ziliguswa na zile hazikuguswa.

Nimekaa na jambo hili kwa muda, kwa sababu linageuza picha niliyokuwa nayo ya maana ya kuwa kitu fulani. Tumezoea kufikiri kwamba kuwa kitu ni kuongezewa. Mwanafunzi anaongezewa elimu, fundi anaongezewa ujuzi, mche unaongezewa majani. Jani la sukuma linaanza kinyume chake, kwa kunyimwa. Seli zilizokuwa na uwezo wa kuwa shina, tawi, ua au jani, zinazimiwa ule uwezo mpana, ndipo zinapata umbo. Kilele kinaweza kuzaa mmea mzima. Magharibi ya Kenya kuna sukuma ya matawi mengi ambayo watu hawaisumbukii mbegu. Huvunja chipukizi la pembeni wakalichomeka ardhini, na mmea mpya ukaanza. Jani lenyewe ukilichomeka ardhini haliwezi kukupa mmea. Limekwisha kulipa, na halirudishiwi.

Lakini tazama pia upande wa kilele. Kina uwezo wa kuwa chochote, na papo hapo hakilishi mtu. Hakina upana wa kukusanya mwanga; sukari inayokiweka hai hutengenezwa na majani na kupandishwa kwake. Uwezo mpana unaishi kwa jasho la wale walioutoa uwezo wao. Wako vijana wanaoogopa kushika kazi moja kwa sababu kushika moja ni kuziacha kumi, na hofu yao ina msingi, kwa maana hasara wanayoihisi ni hasara ya kweli. Kinachosahaulika ni kwamba yule ambaye bado hajaacha kitu, kuna wengine walioacha ili yeye aendelee kungoja: mzazi aliyeshika jembe, dada aliyekatisha shule, mjomba aliyelipa karo. Silisemi hili ili kumsuta mtu yeyote. Hata mmea unahitaji sehemu isiyokomaa, la sivyo hautaona msimu ujao. Nasema tu kwamba hali ya kutojifunga ina gharama, na kwa kawaida anayeilipa si yule anayeifurahia.

Hapa lazima nijizuie kidogo, maana mtu akishaanza kuokota mafunzo kwenye mimea hakosi la kuokota. Kabichi haikukusudia kutufundisha chochote, na jeni haichagui wala haijitoi mhanga. Lugha ya kunyimwa na kulipa ni yetu sisi. Ninachoweza kukidai kwa haki ni kidogo zaidi, ingawa kinatosha. Tunapotumia jeni kama hoja kuhusu hatima ya watu, tunatumia jina la sayansi, basi ni wajibu wetu kujua sayansi hiyo imeona nini hasa. Na ilichokiona kwenye jani si hatima iliyoandikwa.

Tuifuate ile jeni ya kilele katika mimea mingine. Kwenye mahindi, ikiwaka ndani ya jani huleta vinundu, na vinundu ni kasoro. Kwenye nyanya, wenzake huwaka ndani ya jani changa katika hali ya kawaida, na hilo ni jambo jema, kwani ndivyo jani la nyanya linavyogawanyika kuwa vijani vingi badala ya kuwa bapa moja. Kwenye saladi kuna kisa kingine. Mwaka 2020 watafiti wa Wuhan, China, walitoa taarifa kwamba saladi inayofunga kichwa ina jeni ya aina hiyo iliyoingiliwa na kipande cha DNA kinachohamahama. Vipande hivyo ndivyo Barbara McClintock alivyovigundua kwenye mahindi, na vikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Kipande kilipojichomeka ndani ya jeni, jeni ikaanza kuwaka kwenye majani, ikamdhoofisha yule mlinzi AS1, na majani yakaacha kutandaa, yakajikunja kuelekea ndani hadi yakafanya kichwa.

Jambo ni lile lile mara tatu, jeni ya kilele kuwaka ndani ya jani. Mara ya kwanza tunaiita ugonjwa, mara ya pili maumbile, mara ya tatu mboga bora. Moto wa figa na moto wa paa ni moto mmoja; kinachotofautisha mlo na msiba ni mahali ulipowaka. Ndiyo maana haiwezekani kuichukua jeni peke yake, kuiweka mezani na kuiuliza maana yake. Itabidi kwanza uijibu: niko wapi, ni saa ngapi katika umri wa mmea, na nani yuko karibu nami?

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili ulipatikana kabla hata jeni hizo hazijajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ian Sussex, aliyekuwa kijana mtafiti mjini Manchester, alichukua kilele cha mmea wa kiazi akafanya upasuaji mdogo. Kwa ncha kali mno alikata mkato mwembamba kati ya kichuguu na mahali jani linapotokea. Hakuliondoa jani wala hakulijeruhi kiasi cha kulifisha. Alilitenga tu na kilele. Jani liliendelea kukua, lakini halikuwa bapa. Likawa kijiti cha mviringo, kisicho na upande wa juu wala wa chini. Majaribio ya namna hiyo yalirudiwa kwenye nyanya nusu karne baadaye kwa miale ya leza, na jibu likawa lile lile.

Fikiria maana yake tunaposhika jani la sukuma mkononi. Lina upande wa juu, wenye kijani kilichoiva, uliopangwa kwa ajili ya kupokea mwanga, na upande wa chini, wenye mishipa iliyochomoza. Tungedhani upande wa juu umekuwa wa juu kwa sababu unatazama jua. La, uliamuliwa gizani, ndani ya moyo wa mmea, kabla jani halijaliona jua. Upande wa juu ni ule uliokuwa umekielekea kilele ulikotoka. Wa chini ni ule uliokuwa umekipa mgongo. Leo tunazijua jeni zinazoshika kila upande na jinsi zinavyosukumana kwenye mpaka wao, na tunajua kwamba jani hutanuka kuwa bapa pale ambapo pande mbili zimekutana. Kijiti cha Sussex kilikuwa na jeni hizo zote. Kilichokosekana ni mawasiliano na chimbuko lake, na yalipokosekana, jani lilikosa hata umbo la kukusanya mwanga.

Mkato huo ulikuwa na masharti. Ulifanya kazi pale tu jani lilipokuwa changa kabisa. Jani lililokwisha kujua pande zake halikubadilika likitengwa. Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja husema mtoto wa nyoka ni nyoka, nyingine husema samaki mkunje angali mbichi. Watu huchagua ile inayowafaa siku hiyo: akifaulu mtoto wao ni damu, akiharibikiwa wa jirani ni malezi. Jani linazikubali zote mbili, kila moja kwa kipimo chake. Hakuna bustani itakayoifanya sukuma iwe mchicha, kwa hiyo nyoka ana haki yake. Lakini ndani ya mipaka ya usukuma, jani linaweza kuwa bapa au kijiti, na linalokata shauri ni kilichokuwa karibu nalo lilipokuwa bichi. Methali hizo hazigombani kuhusu ukweli. Kila moja inaeleza umri tofauti.

Miongoni mwa vinavyokuwa karibu na jani yumo pia binadamu. Kabichi ni kazi ya mikono yake. Ukikata kabichi katikati kwa urefu utaona kigogo cheupe kimesimama ndani, na juu yake kilele, kimefunikwa na majani yaliyobanana safu kwa safu. Majani ya ndani ni meupe. Hayajaona mwanga, na hayawezi kufanya ile kazi iliyokuwa sababu ya kuwapo kwa majani duniani. Mababu wa mbali wa jamii hii walipata nakala tatu za seti yao nzima ya jeni, mamilioni ya miaka kabla ya kilimo, na nakala nyingi za ziada bado zipo. Moja inaweza kubadilika na nyingine zikaendelea na kazi ya zamani. Mwaka 2016 watafiti wa China walilinganisha zaidi ya aina 300 za kabichi, kabichi ya Kichina na jamaa zao. Walikuta kwamba wakulima wa pande mbili za dunia, wasiojuana, walikuwa wamechagua mabadiliko katika jeni za aina moja, zikiwemo zile za pande mbili za jani, hadi wote wakapata majani yanayojifunga.

Kwa macho ya mmea, kichwa hicho ni kifungo. Kabichi ikifika wakati wa kutoa maua, bua linaweza kushindwa kupenya majani yaliyolifunika. Wazalishaji wa mbegu hushika kisu wakachanja msalaba juu ya kichwa, majani yakaachia, bua likapata njia. Mmea ulioundwa na chaguo la mtu unahitaji mkono wa mtu ili uzae. Sitaki kuliita jambo hilo dhuluma, kwa sababu kabichi imeenea mabara yote ambako jamaa yake wa majabalini asingefika peke yake. Lakini silioni kuwa ushindi mtupu pia. Tulipoufanya mmea ukafaa kwetu zaidi, tulijitwika kazi ambayo zamani uliifanya wenyewe, na kazi hiyo haina likizo.

Sukuma inatuonyesha uhusiano wa namna nyingine. Kama kabichi, kwa kawaida nayo haichanui mpaka ipitiwe na majira ya baridi ya kutosha. Katika nyanda zetu zenye joto, huendelea kutoa majani mwezi baada ya mwezi. Mchumaji huchukua jani lililokomaa, lile lililokwisha kulipa, na kuuachia mmea kilele pamoja na majani machache ya kukilisha. Mnavu na mchicha hazina subira hiyo. Siku moja mkulima hukuta vichwa vya maua, na majani yanayofuata ni madogo na magumu. Ndiyo sababu wanaoboresha mboga za asili, kama wale wa kituo cha World Vegetable Center kilichoko Arusha, hutafuta aina zenye majani mapana ambazo haziharakishi kuchanua.

Na hapa jani lina neno la mwisho ambalo sikulitarajia. Katika mimea mingi, amri ya kuacha kutengeneza majani na kuanza maua haitungwi kileleni. Mwanasayansi wa Umoja wa Kisovyeti Mikhail Chailakhyan alisema katika miaka ya 1930 kwamba lazima kuwe na kitu kinachosafiri kutoka kwenye majani kwenda kileleni, akakiita florijeni. Ilichukua miaka sabini hivi hadi ikathibitika, mwaka 2007, kwamba ni protini iitwayo FT. Jani hupima urefu wa mchana, likiona majira yametimia hutengeneza protini hiyo, nayo hushuka na kupanda na mkondo wa sukari hadi kileleni. Kile kilichotoa uwezo wake wote ndicho kinachokiarifu kilele kwamba wakati umefika. Sehemu iliyojifunga ndiyo inayoijua dunia, kwa sababu ndiyo iliyotandaa ikaguswa na mwanga. Sehemu iliyo huru imefunikwa, na bila habari za majani haijui hata urefu wa mchana.

Tukiyaweka haya pamoja, sioni popote palipoandikwa jani. Naona jeni zinazowaka na kuzimika, homoni inayosukumwa, chimbuko linalotuma ishara, jani linalorudisha habari, na mtu mwenye kisu au mwenye kapu. Jani ni matokeo ya mazungumzo hayo. Ukimwondoa mzungumzaji mmoja, unapata kijiti, kinundu au kichwa kisichoweza kufunguka. Maana ya kila mmoja iko katika anachowafanyia wengine na wanachomfanyia, na ndiyo sababu haipatikani hata ukimchambua peke yake hadi molekuli ya mwisho.

Swali hili limekuwa la haraka zaidi sasa, kwa vile tumepata zana za kuhariri jeni moja kwa moja bila kungoja vizazi vya kuchagua mbegu. Mwaka 2023 yaliingia sokoni Marekani majani ya haradali yaliyohaririwa ili ukali wake upungue. Ukali huo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Ni ladha pia. Huko Kisii na katika Bonde la Ufa, mgagani hupikwa kwa maziwa ili uchungu upungue, na wapishi hawakusudii uishe, kwani anayeula anautafuta. Mpishi na maabara wameshughulikia tatizo la aina moja. Mmoja amebadilisha kinacholizunguka jani, mwingine amebadilisha kilichomo ndani yake, na siwezi kusema kwa jumla nani kafanya vema. Ila kila anayehariri anapaswa kuulizwa kile ambacho kabichi inatukumbusha: kazi ambayo mmea hautaifanya tena, ataifanya nani, kwa miaka mingapi, na kwa gharama ya nani?

Na kwa habari ya watu, nimeacha kubishana na anayesema tabia ya mtoto iko kwenye jeni. Huenda iko, kwa kiasi fulani. Namuuliza tu maswali ambayo mtafiti wa majani angeuliza kabla ya kukubali. Jeni hiyo inawaka wapi? Inawaka lini, na je, umri wa kukunjika umeshapita au bado? Na wakati huo nani alikuwa karibu, na nani alitengwa? Mzazi anayeniambia kwamba ukoo wao hauna kichwa cha hesabu hujibu la kwanza na la pili kwa kubahatisha, kama sisi wote. La tatu analijua vizuri. Anajua kama mtoto alikaa na mwalimu au alikaa na ng'ombe, na kama kulikuwa na mtu nyumbani aliyekaa naye jioni kulitazama daftari. Hapo ndipo mazungumzo yetu huanza kuwa na faida, maana kwa jeni zake hatuna la kufanya leo, bali nani awe karibu naye kesho ni jambo tunaloweza kulipanga.